Chikamatsu Monogatari: wapenzi waliokataa kufa ziwani

Katika michezo mingi ya zamani ya Kijapani, wapenzi waliobanwa kila upande hufa pamoja. Chikamatsu Monzaemon (1653–1725), bingwa wa kutunga michezo ya vikaragosi mjini Osaka, aliwaliza watu kwa vifo vya namna hiyo tangu Sonezaki Shinju ya mwaka 1703. Mwongozaji wa filamu Kenji Mizoguchi alipochukua hadithi nyingine ya Chikamatsu na kuifanya filamu mwaka 1954, aliwafikisha wapenzi wake mpaka katikati ya Ziwa Biwa usiku, ndani ya mashua, miguu ya mwanamke imeshafungwa tayari kwa kujitosa. Hapo ndipo mwanamume anapotamka kwamba anampenda. Mwanamke akishalisikia hilo, kufa hataki tena.

Chikamatsu Monogatari ina dakika 102, na chochote kilicho ndani yake kinaelekea kwenye mashua ile au kinatoka hapo. Naamini hii ndiyo filamu kali kuliko zote za Kijapani kuhusu mapenzi yenye msiba, na ukali wenyewe unatokana na mambo makavu kabisa: riba, muhuri, karatasi tupu, nani kalala chumba gani. Watazamaji wengi huyapitia mambo hayo juu juu katika nusu saa ya kwanza, kisha wanaona kwamba balaa limeanguka kwa bahati mbaya tu. Hakuna bahati mbaya pale. Ukiifuatilia vizuri nusu saa hiyo, utaona kila mlango unavyofungwa na nani kaufunga.

Anza na biashara ya nyumba ile. Ishun, tajiri wa Kyoto, ni daikyoji, yaani mwenye haki ya kuchapa kalenda kwa kibali cha ikulu. Japani ya wakati huo ilihesabu miezi kwa mwandamo, kama tunavyohesabu Rajabu na Shaabani: mwezi una siku 29 au 30. Ila wao, ili majira yasihame, walichomeka mwezi wa ziada kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mwaka huu miezi gani ni mirefu na ipi ni mifupi, mwezi wa ziada unaingia wapi, siku gani njema kwa safari au harusi, hayo mtu hakuweza kuyakisia. Wafanyabiashara walilipana madeni mwisho wa mwezi, kwa hiyo kujua mwezi unaisha lini lilikuwa jambo la fedha. Kila mtu alilazimika kuipata kalenda, na aliyeshika haki ya kuichapa alikuwa na soko lisilokauka. Ndiyo maana mafundi wa Ishun hawapumziki, waungwana wa ikulu wanapiga hodi kuomba mikopo, naye anawakopesha, maana kibali chake kimo mikononi mwao. Mkwewe akikopa, hilo ni jambo lingine.

Watu hawa walikuwepo kweli. Mwaka 1683, Osan, mke wa mchapa kalenda wa Kyoto, na Mohei, mfanyakazi wa nyumba hiyo hiyo, waliuawa kwa kosa la uzinzi. Kijakazi Tama (Otama katika filamu) aliuawa pamoja nao. Ihara Saikaku aliwaandika katika kitabu cha hadithi mwaka 1686, na Chikamatsu akawatungia mchezo mwaka 1715. Katikati ya miaka hiyo, kalenda yenyewe ilibadilishwa: mwaka 1685 Japani iliacha hesabu ya Kichina iliyoitumia tangu mwaka 862, ambayo ilikuwa imeshapotoka kwa siku mbili hivi, ikashika hesabu mpya ya Shibukawa Shunkai. Nyumba iliyolindwa kwa damu ya watu watatu ilikuwa inachapa siku zisizo sahihi.

Sasa fuata muhuri. Osan (Kyoko Kagawa) ameolewa na Ishun (Eitaro Shindo), mume mwenye umri mkubwa kuliko wake kwa mbali, na ndoa yenyewe ilikuwa ya kuwaokoa kwao kifedha. Kaka yake, Doki, amekwama tena na riba. Osan anajua mumewe hataki kusikia habari za ukweni, kwa hiyo anamweleza Mohei (Kazuo Hasegawa), fundi mkuu wa karakana. Mohei anaahidi kumsaidia. Anachukua karatasi tupu na kuipiga muhuri wa tajiri wake, ili akakope kwa jina la nyumba na kurudisha baadaye. Sukeemon, karani mkuu, anamfuma. Karani huyu hamzuii. Anataka naye apate chake. Mohei anakataa, anaichana mipango yote, anakwenda mwenyewe kwa Ishun kukiri.

Hapa pana fundo ambalo watu hulipita. Mohei anakiri kosa lakini hasemi fedha zilikuwa za nani, kwa kumlinda bibi yake. Otama, kijakazi anayempenda Mohei, anaingilia kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyemwomba. Anaudanganya ukumbi mzima kwa nia njema, na uongo huo ndio unaochoma. Ishun amekuwa akimwandama Otama usiku kwa usiku, na Otama, ili amkwepe, alishamwambia kwamba ana uchumba na Mohei. Kwa hiyo mbele ya Ishun kosa la fedha linageuka kuwa wivu. Mtu ambaye pengine angekaripiwa na kusamehewa anafungiwa.

Usiku ule Otama anamfunulia Osan kuhusu bwana anavyomjia. Osan anaamua kulala katika chumba cha kijakazi ili amfumanie mumewe amwaibishe. Mohei anatoroka kifungoni, anapita kumshukuru na kumuaga Otama, na gizani anamkuta Osan. Sukeemon anawaona wawili hao chumbani. Hakuna kilichotokea kati yao, hata kushikana mkono, lakini kuanzia dakika hiyo sheria inawahesabu kuwa wazinzi.

Katika mchezo wa Chikamatsu mambo hayako hivi. Kule, gizani, wawili hao wanalala pamoja kwa makosa, kila mmoja akidhani yuko na mtu mwingine, na mwishoni kasisi wa Kibuddha anawaokoa wasiuawe. Mizoguchi na mwandishi wake Yoshikata Yoda, wakitumia pia kazi ya Matsutaro Kawaguchi na hadithi ya Saikaku, waliondoa vyote viwili. Kwenye filamu hakuna kosa la kitandani na hakuna mwokozi. Mabadiliko hayo mawili ndiyo yanayoipa filamu uti wa mgongo. Ingekuwa walilala pamoja kwa makosa, kila hatua ya baadaye ingekuwa aibu inayokimbiwa. Kwa kuwa hawakufanya lolote, wanaanza safari wakiwa watu wawili wenye heshima zao, bibi na mtumishi wake, na dunia yenyewe inawasukuma mpaka wanakuwa kile walichosingiziwa.

Sheria iliyo nyuma ya hayo ina ncha tatu, na ni vizuri uziweke kichwani kabla ya kutazama. Mume kumwandama kijakazi si kosa. Mke kulala na mtumishi ni kifo cha wote wawili, kwa kusulubiwa, ambako huko Japani mtu alifungwa kwenye mti na kuchomwa mikuki. Ncha ya tatu ndiyo husahaulika: bwana wa nyumba akijua na asiripoti, nyumba nayo inapotea. Ishun basi hana pa kwenda. Akiripoti, kaaibika. Akinyamaza na ikajulikana, kafilisika. Ndiyo sababu anataka Osan arudishwe kimya kimya, peke yake, huku Mohei akipotelea kokote. Hatafuti mke, anatafuta kibali chake cha kalenda. Na Sukeemon, akiwa amekwisha kuelewana na mshindani wa biashara, anahesabu faida ya siri hiyo kuvuja.

Mapema kabisa filamu inakuonyesha adhabu hiyo kwa macho. Msafara unapita barabarani: mwanamke wa tabaka la samurai na mtumishi wake, wamefungwa, wanapelekwa kusulubiwa. Watu wa nyumba ya Ishun wanatoka kutazama, kila mtu na neno lake. Wanawake wa jikoni ndio wanaosema lililo kweli, kwamba wanaume hufanya watakalo na mwanamke ndiye hulipa. Mtazamaji akidhani hilo ni pambo la kuonyesha enzi za kale, atakuwa amekosa. Kuanzia hapo kila mmoja ndani ya nyumba ile anajua bei ya jambo.

Baada ya kutoroka, wanashika njia ya Osaka. Hata sasa Mohei bado ni mtumishi: anamtembeza Osan kwa kumtangulia, anatafuta nyumba ya kulala, anazungumza naye kwa adabu ya karakana. Anashughulikia hata lile deni la Doki. Huyu ni fundi, na anamalizia kazi aliyopewa. Hasegawa, mwenye miaka 46 wakati huo, aliyelelewa katika kabuki, michezo ya jukwaani ya jadi, na aliyekuwa nyota mkubwa wa filamu za enzi za samurai, anaigiza unyenyekevu huu kwa mgongo na magoti. Mtazame anavyokaa: daima chini kidogo ya Osan, uso pembeni.

Halafu mashua. Ukungu, maji yasiyo na ukingo, kamera ikiwa mbali na kwa muda mrefu bila kukata. Wameafikiana kufa kwa sababu hawaoni njia nyingine, si kwa ajili ya mapenzi. Mohei anamfunga Osan miguu kwa uangalifu ule ule aliofungia mafurushi ya kalenda. Kisha anasema, kwa kuwa huu ni mwisho na hawezi tena kuadhibiwa kwa kusema, kwamba amempenda siku nyingi. Osan ananyamaza. Kimya hicho ndicho ninachomsihi kila mtazamaji asikiharibu kwa kusonga mbele. Anapozungumza, anasema maneno hayo yamembadilisha, hawezi tena kufa, anataka kuishi. Anamshika, mashua inayumba na kugeuka chini yao. Kazuo Miyagawa, mpiga picha, hasogei karibu kutuonyesha machozi. Anauacha mwili wa Kagawa, uliokaa wima kwa adabu tangu filamu ianze, uvunjike mbele yetu mzima mzima.

Katika michezo kama Sonezaki Shinju, Chikamatsu aliwapa wapenzi wake kifo kama heshima. Mizoguchi anawanyang'anya heshima hiyo na kuwapa kitu kigumu zaidi, hamu ya kuishi, katika nchi ambayo imeshawahukumu. Toka hapo nusu ya pili ina kasi nyingine. Mlimani, karibu na kibanda cha chai, Osan ameumia mguu. Mohei anafikiri kama mtumishi kwa mara ya mwisho: akiondoka yeye, bibi atarudishwa nyumbani na atapona. Anamwacha na kujificha. Osan anashtuka, anatoka mbio akimwita, anateremka mteremko kwa mguu ule mbovu mpaka anaanguka. Mohei anashindwa kuendelea kujificha, anamkimbilia, na katika hasira na mapenzi yake anaukumbatia mguu ule na kuubusu. Osan anamwambia kwamba yeye si mtumishi wake tena, ni mume wake. Kwa Kyoto ya karne ya 17, maneno hayo peke yake yanatosha kumsulubisha mtu.

Yanayofuata nayapitia haraka: kwa baba yake Mohei kijijini, mzee anayewaogopa na kuwaonea huruma kwa pamoja, Osan kurudishwa kwa mama yake, Mohei kufunguliwa kamba na babaye na kumfuata, Doki, yule yule aliyeombewa fedha, kwenda kuwachongea kwa wenye mamlaka. Ishun anapoteza nyumba. Na mwisho wapenzi wanapita barabara ile ile ya mwanzo, juu ya farasi, wamefungwa mgongo kwa mgongo, vidole vimeshikana. Watu waliokuwa wa nyumba yao wanashangaa kwamba hawajawahi kumwona bibi na uso mwororo hivyo. Mizoguchi anakata hapo, haonyeshi msalaba wala mikuki.

Nataka nikae kidogo kwenye ufundi, kwa sababu ndiko filamu hii inakosomeka mara ya pili na ya tatu. Nyumba ya Ishun ilijengwa na msanifu Hiroshi Mizutani kama mashine ya kupima vyeo. Kuna sakafu ya udongo chini, kuna jukwaa la mbao la mafundi, kuna vyumba vya mikeka vya wenye nyumba, na juu yake kuna mahali pa kukaa mgeni kutoka ikulu. Ukizima sauti katika dakika 20 za mwanzo, bado utajua nani ni nani kwa kuangalia tu nani kasimama sakafu gani. Miyagawa, aliyekwisha kupiga Rashomon mwaka 1950 na Ugetsu mwaka 1953, anaikata picha kwa nguzo, milango ya karatasi na vizuizi vya mbao, hivi kwamba watu wanaonekana vipande vipande. Wakishatoka mjini, nguzo zinapungua. Ziwani hakuna hata moja. Kisha wanapokamatwa, mistari inarudi.

Muziki ni wa Fumio Hayasaka, ambaye mwaka huo huo wa 1954 alitunga pia muziki wa Seven Samurai, na ambaye alifariki 1955 akiwa na miaka 41 tu. Hapa aliweka kando okestra ya Kizungu, akashika shamisen ya nyuzi nene inayotumika kwenye michezo ya vikaragosi, filimbi na ngoma na vibao vya kabuki. Wakati mwingine hutajua kama kishindo ulichosikia ni cha mlango au cha ngoma. Usitazame kwa spika ndogo za simu. Sauti za chini za shamisen zinamezwa kabisa, na nusu ya mvutano wa sehemu za usiku inapotea nazo. Vaa spika za masikioni.

Kuhusu waigizaji, Mizoguchi alikuwa na desturi ngumu: hakumwonyesha mtu namna ya kuigiza, alirudia kumwuliza tu kama anaitikia kile anachofanyiwa na mwenzake. Kagawa alikuwa na miaka 22 hivi, msichana aliyekuwa amezoeleka kwa nafasi za binti mwema, na hapa alitakiwa awe bibi wa nyumba kubwa ya Kyoto. Chieko Naniwa, anayeigiza mama yake, ndiye aliyemfundisha lafudhi na mienendo. Angalia pindo la kimono lake: ndani ya nyumba linaburuta kwa utulivu kila anapogeuka, na mlimani linamnasa miguu.

Kwa anayetaka kuitafuta: inaitwa pia A Story from Chikamatsu na The Crucified Lovers, na kwa Kifaransa Les Amants crucifiés. Ni filamu moja, usinunue mara mbili. Tafuta nakala iliyosafishwa kwa 4K na Kadokawa pamoja na The Film Foundation. Nakala za zamani zimefifia kiasi kwamba rangi za kijivu zinaungana, na katika filamu inayotegemea nani yuko kwenye giza la chumba kipi, hilo linaua hadithi yenyewe. Sehemu ya Osan chumbani kwa Otama, katika nakala mbovu, ni weusi mtupu wenye sauti. Picha yake ni ya mraba kidogo, uwiano wa 1.37 kwa 1, kwa hiyo kwenye televisheni lazima ubaki na mistari myeusi pembeni. Ukiona imejaa skrini nzima, ama imevutwa au imekatwa vichwa na miguu. Nenda kwenye mipangilio uirudishe. Katika filamu ambamo miguu ya Osan ndiyo inayobeba maana, kukatwa huko si jambo dogo.

Maandishi ya tafsiri nayo hutofautiana. Baadhi yanaandika majina ya watu tu na kufuta vyeo vyao, na hapo utakosa kusikia Mohei anavyomwita Osan kwa heshima hadi mlimani. Sikiliza sauti yenyewe. Hata usipojua Kijapani utasikia tofauti ya namna anavyomwita kabla na baada ya ziwa: kabla, sauti inapanda kutoka chini kama ya mtu anayeongea na aliye ghorofani, baada, inakuwa fupi, ya mbele, ya mtu anayeongea na aliye karibu naye.

Ukiimaliza na ukataka nyingine ya Mizoguchi, chukua The Life of Oharu ya 1952, inayotoka pia kwa Saikaku. Hiyo inamfuata mwanamke anayeshushwa ngazi baada ya ngazi kwa sababu ya penzi moja la ujanani na mtu wa tabaka la chini. Ni ndefu zaidi na haina mashua. Itazame siku nyingine, si usiku huo huo.